BANGI YENYE KIBALI: MAJI, SUMU NA WATU WA KIJIJINI

Tunapokwenda parokiani kutoa mafunzo ya afya, vijana hutuuliza swali ambalo wazazi wao hawapendi kulisikia. Husema: "Nesi, mbona Marekani wanalima bangi kwa leseni na kulipa kodi, na sisi huku mtu anakamatwa kwa miche kumi?" Wengine huongeza kwamba Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020, na Rwanda ikaruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2021. Hayo yote ni kweli. Wazazi huguna, na mwalimu wa dini hutazama saa yake. Lakini kwetu sisi swali hilo si la kufukuzwa. Kijana anayeuliza mbele ya watu ni afadhali kuliko yule anayenyamaza na kwenda kujaribu.

Leo basi hatutazungumzia kuivuta bangi. Madhara yake tunayaona wodini: vijana waliochanganyikiwa akili, wanaosikia sauti zisizokuwapo, na mama zao wamekaa kando ya kitanda wakishika tama. Ubongo wa kijana bado unakua, na bangi huuumiza zaidi kuliko wa mtu mzima. Hilo lina somo lake. Leo tunazungumzia shamba. Mmea huu ukipewa kibali na kuwa zao la biashara, kijiji kinapata nini? Maji yake yanakwenda wapi? Anayepalilia na kuvuna analala wapi na anavuta hewa gani? Ili tusibishane kwa kukisia, twende mahali ambapo jambo hili limejaribiwa kwa miaka mingi, yaani jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani.

SHERIA MOJA, KAUNTI NYINGI

Watu wa California walipiga kura Novemba 1996 kuruhusu bangi kwa wagonjwa. Miaka 20 baadaye, Novemba 2016, wakapiga kura tena kuiruhusu kwa kila mtu mzima mwenye miaka 21 na zaidi. Maduka ya kuiuzia watu wazima wote yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2018. Mpaka hapo vijana wetu wanaijua habari.

Wasilolijua ni kwamba sheria ile iliacha uamuzi mkubwa mikononi mwa kaunti na miji. Kaunti kule ni kama wilaya zetu, ina baraza lake la kuchaguliwa na mkuu wake wa polisi. Kila kaunti ina haki ya kusema: hapa kwetu biashara hii inaruhusiwa, au hairuhusiwi kabisa, au inaruhusiwa kwa masharti haya na haya. Zaidi ya nusu ya miji na kaunti za jimbo lile zimekataa kuwa na maduka ya bangi. Na juu ya hayo, sheria ya nchi nzima ya Marekani bado inaihesabu bangi miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mkulima halali ng'ambo hii ya mto, na mwenzake wa ng'ambo ile akawa mhalifu, ingawa mbegu ni ile ile na jua ni lile lile.

Tutazame kaunti moja iitwayo Calaveras, nchi ya vilima na misitu. Septemba 2015 moto mkubwa uliteketeza zaidi ya ekari 70,000 katika Calaveras na kaunti jirani, ukachoma nyumba zaidi ya 500 na kuua watu wawili. Familia nyingi zilibaki hazina kitu, na ardhi ikauzwa kwa bei ya chini. Wageni wakaja kununua viwanja ili walime bangi. Baraza la kaunti lilipoona hivyo, mwezi Mei 2016 likatunga sheria ya dharura: anayetaka kulima kibiashara aombe kibali na alipe dola 5,000 kwa ombi moja. Maombi zaidi ya 700 yakaletwa. Novemba mwaka ule ule wananchi wakapitisha kodi ya kuwatoza wakulima hao, na katika uchaguzi huo huo wakaingiza wajumbe wapya barazani. Januari 2018 baraza jipya likapiga kura, tatu kwa mbili, kupiga marufuku kilimo chote cha biashara. Waliokwisha kulipa wakaambiwa wang'oe. Oktoba 2019 baraza likageuka tena na kuruhusu, kwa masharti makali zaidi.

Hesabu wenyewe: sheria imebadilika mara tatu katika miaka minne. Sisi hatuna la kusema juu ya siasa za Calaveras, lakini tuna la kusema kama watu wa afya. Mkulima asiyejua kama mwakani ataruhusiwa hachimbi bwawa la kuhifadhi maji. Hajengi choo cha wafanyakazi wala nyumba ya kulala yenye madirisha. Huweka hema, mpira wa maji kutoka kijitoni na jenereta, avune haraka kabla mambo hayajageuka. Hata sheria nzuri haijengi choo isipodumu.

MTO UNAPOKAUSHWA

Kaskazini zaidi iko kaunti ya Humboldt, yenye misitu ya miti mirefu sana na mito ya samaki. Watu walianza kulima bangi kwa kujificha katika milima ile tangu miaka ya 1970. Jua la kiangazi ni kali, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa mvua ni adimu. Ndio wakati mmea unapokunywa zaidi, na ndio wakati vijito viko chini kabisa.

Mwaka 2015 wataalamu walitangaza matokeo ya utafiti katika mabonde manne ya Humboldt na kaunti ya jirani, Mendocino. Walihesabu mimea kwa picha zilizopigwa kutoka angani, wakakadiria kwamba mmea mmoja unahitaji kama lita 22 kwa siku katika msimu wa kukua. Mama msomaji, wewe unaijua ndoo ya lita 20 kwa shingo yako. Basi kila mmea ndoo moja na kidogo juu, kila siku. Shamba la mimea 500 litakunywa lita 11,000, ambazo ni ndoo 550. Wataalamu wale waliona kwamba katika mabonde matatu kati ya manne, mahitaji ya mimea wakati wa kiangazi yalizidi maji yote yaliyokuwa yakitiririka kijitoni.

Mto ukipungua, samaki hukosa mahali pa kupita. Maji yaliyobaki hupata joto, na ukoga huota. Katika Mto Eel, mkubwa katika eneo lile, mbwa kadhaa wamekufa kwa miaka tofauti baada ya kunywa au kuoga penye ukoga wenye sumu, na idara ya afya huwaonya wazazi wasiwaache watoto wadogo kuchezea maji hayo. Hatusemi kwamba bangi peke yake imeleta hayo. Ukataji wa miti na ukame vina sehemu yao. Lakini anayechota ndoo 550 kutoka mto mdogo wakati wa kiangazi hawezi kusema hahusiki.

Hapa ndipo kibali kilipofanya kazi ya maana, na ni haki tuseme hivyo. Kanuni za maji za jimbo zinamkataza mkulima mwenye leseni kuvuta maji ya mtoni kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Ajaze bwawa au matangi wakati wa mvua, ndiyo ayatumie kiangazi. Tena shamba lake liwe mbali na kijito kisichokauka kwa kiasi cha mita 45. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wakulima wengi wenye leseni hutumia visima na maji waliyohifadhi, si wote wanaonyonya kijito. Kweli, kisima nacho hunywa maji ya ardhini, na kikiwa karibu na mto huupunguzia mto. Hata hivyo palikuwa na mtu wa kuulizwa, na mahali pa kwenda kukagua. Yule aliyejificha porini hana bwawa, na hakuna anayemwuliza.

MAJI YA KUNYWA YALIPOKATAZWA

Tofauti ni kaunti ya Siskiyou, mpakani na jimbo la Oregon, chini ya mlima Shasta. Hao walikataa kilimo cha biashara moja kwa moja. Lakini ardhi kule ni kavu, ya mawe ya volkano, na bei yake ilikuwa ndogo. Kuanzia mwaka 2015 hivi, familia nyingi za Wahmong, watu wa asili ya Laos ambao wazee wao walifika Marekani kama wakimbizi baada ya vita iliyokwisha mwaka 1975, zilinunua viwanja na kuhamia huko. Wengi walilima bangi ndani ya mabanda ya nailoni, bila kibali, kwa kuwa kibali chenyewe hakikuwapo. Visima vilikuwa vichache, hivyo maji yaliletwa na maboza.

Mwaka 2021, wakati wa ukame mkubwa, kaunti ikaamua kuipiga bangi kwa njia ya maji. Ikatunga sheria kwamba mwenye kisima asitoe maji kwenda kiwanja kingine bila ruhusa, na kwamba malori ya maji yasipite katika barabara fulani zilizotajwa. Barabara zile zilikuwa za makazi ya Wahmong. Mabanda yakakosa maji, ndiyo. Lakini na watu wakakosa. Waliokuwa wakiishi mle walieleza mahakamani kwamba walikosa maji ya kunywa, ya kuoga, ya bustani za mboga na ya mifugo. Mwezi Juni mwaka ule moto wa msitu ukaingia katika eneo lile, na uhasama kati ya wakazi na askari ukawa mkubwa kiasi kwamba mtu mmoja aliuawa kwa risasi. Septemba 2021 jaji wa mahakama ya shirikisho akatoa amri ya kusimamisha kwa muda sheria ile ya malori, akieleza kwamba watu wasinyimwe maji ya msingi kwa sababu ya zao.

Tumekaa juu ya habari hii kwa kusudi. Kuna watu wa sheria wanaofikiri kwamba ukitaka kung'oa magugu umwagie kiwanja kizima sumu. Lakini mtoto mwenye kuhara katika kiwanja kile hajui kama baba yake amevunja sheria. Anahitaji maji safi, chumvi na sukari, siku ile ile. Nesi huuliza mgonjwa ameharisha mara ngapi, haulizi shamba ni la nani.

SUMU YA PANYA, SUMU YA WADUDU

Katika misitu ya serikali kule California watu wamelima bangi kwa siri miaka mingi. Panya hupenda mashina machanga, kwa hiyo wakulima wale humwaga sumu ya panya kuzunguka shamba. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima mizoga ya mnyama mmoja mdogo wa msituni, wa jamii ya nyegere. Kati ya wanyama 58 waliopimwa, 46 walikuwa na sumu ya panya mwilini. Wanyama hao hawali nafaka yenye sumu, wanakula panya. Sumu ilikuwa imepanda ngazi, kutoka kwa panya hadi kwa mlaji wa panya.

Mbaya zaidi ni kabofurani, ambayo wakulima wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kwa jina la Furadan. Ni ile ile iliyotumiwa na wafugaji wengine nchini Kenya kuwaua simba kwa kuipaka kwenye nyama. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilikataa kabisa mabaki yake katika chakula. Hata hivyo askari na wataalamu wanaosafisha mashamba ya siri wameikuta porini, mara nyingine ndani ya chupa za soda zisizo na lebo. Punje chache zinatosha kumwua mnyama mkubwa. Na maji ya mvua yanayopita hapo yanashuka kijitoni.

Je, kwa wenye leseni? Kule, bangi haiendi dukani kabla haijapimwa maabara kama ina mabaki ya sumu zilizokatazwa. Ni jambo jema. Lakini tuangalie vizuri linamlinda nani. Linamlinda kwanza mnunuzi wa mjini. Yule aliyebeba bomba la kunyunyizia mgongoni, likavuja mpaka shati likalowa, hapimwi na maabara hiyo. Kwake kinga ni glavu, buti, sabuni, na msimamizi anayesema leo upepo ni mkali, hatunyunyizi. Kila zao lina jambo hili, na wanaolima nyanya na kahawa kwetu hawana haja ya kwenda California kulijua.

KIFUA NA USINGIZI

Maua ya bangi yakishakauka hukatwa majani kwa mkasi, kazi ya kukaa siku nzima, na mara nyingine husagwa. Vumbi lake ni jembamba na lina chavua, ukungu na kemikali za mmea wenyewe. Mwaka 2022, katika jimbo la Massachusetts, mbali na California, mfanyakazi kijana wa kiwanda cha bangi chenye leseni alikufa kwa pumu iliyomshika kazini. Alikuwa akijaza sigara kwa bangi iliyosagwa. Taarifa ya serikali ya mwaka 2023 ilieleza kwamba kifo hicho ndicho cha kwanza cha pumu ya kazini kuripotiwa katika viwanda vya bangi vya Marekani. Dalili zake hazikuanza siku ya kufa. Kikohozi na kubanwa kifua vilikuwa vimeanza miezi kabla.

Hayo ni ndani ya kiwanda chenye leseni na taa za umeme. Huko vilimani hali ni nyingine. Wafanyakazi wa msimu, wengi wahamiaji, hulala ndani ya mahema au ndani ya mabanda ya nailoni yenyewe, pamoja na mimea. Usiku wa milimani ni baridi. Huwasha jenereta au makaa ndani ili wapate joto, na asubuhi hawaamki. Mwaka 2022 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi wake juu ya wafanyakazi waliokufa hivyo, na juu ya wengine waliomaliza msimu bila kulipwa. Baadhi ya mashamba hayo yalikuwa na leseni. Kwa hiyo karatasi iliyobandikwa ukutani haikuwaokoa, kwa kuwa mkaguzi hakufika mahali pa kulala.

Moshi huo wa makaa hauna rangi wala harufu inayoonya. Wale wanaokwenda kulinda mashamba usiku, na mama aliyejifungua anayeingiziwa jiko chumbani ili mtoto asipate baridi, wote wako katika hatari hiyo hiyo.

MKULIMA MDOGO NA ADA KUBWA

Vijana husema bangi ingemtajirisha mkulima mdogo. Tuone ilivyokuwa Humboldt. Wengi waliokuwa wakilima kwa siri walitaka kutoka gizani. Wakakuta kwamba kupata leseni kunahitaji mhandisi wa barabara, bwawa, ramani, leseni ya kaunti, leseni ya jimbo, kibali cha maji, kodi ya kaunti na kodi ya jimbo. Wenye mitaji mikubwa walilipa. Kuanzia mwaka 2021 bei ya jumla ikaporomoka, kwa sababu bangi ilikuwa nyingi kuliko wanunuzi, na ya magendo iliuzwa rahisi zaidi kwa kuwa haikulipa chochote. Jimbo lilifuta kodi yake ya kilimo tarehe 1 Julai 2022, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufunga mashamba. Wengine walirudi gizani.

Machi 2024 wananchi wa Humboldt waliletewa pendekezo la kubana zaidi ukubwa wa mashamba na kuongeza masharti. Wakalikataa kwa kura nyingi, na wakulima wadogo wengi walikuwa miongoni mwa wapinzani, ingawa waliolileta walisema linamlinda mdogo dhidi ya mkubwa. Sisi tunawaelewa. Mtu aliyekwisha kukopa ili achimbe bwawa hataki kusikia sharti jipya, hata liwe jema.

Hapo ndipo pagumu, wapendwa. Masharti yakiwa mepesi, kijito kinakauka. Yakiwa mazito kupita uwezo wa mtu, anayaacha na kuingia porini, na huko kijito kinakauka pia, tena na sumu ndani yake. Kaunti iliyofaulu kidogo ni ile iliyotoa muda wa kutosha, ikasaidia gharama za matangi ya maji, na ikatuma mkaguzi anayefahamika kwa jina, badala ya kutuma helikopta peke yake.

NA SISI HUKU?

Tanzania inakataza kilimo cha bangi chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu yake ni kubwa. Mnasikia redioni habari za mashamba yanayofyekwa na kuchomwa huko Kisimiri Juu, wilayani Arumeru, kwenye miteremko ya mlima Meru. Hatumshauri mtu yeyote aijaribu sheria hiyo, na kijana anayesema "mbona Malawi" ajue kwamba hata kule Malawi, Rwanda na Lesotho kinachoruhusiwa ni kilimo cha leseni, chenye ada ambazo mwenye nusu ekari ya mahindi hazimudu.

Lakini kuna mazao mengine yenye vibali ambayo yapo kwetu tayari: tumbaku, maua, miwa, mboga za kuuza nje. Watu wa Urambo wanajua kuni ngapi zimeingia katika mabani ya kukaushia tumbaku, na msitu uliokuwa karibu sasa uko wapi. Basi mwekezaji akija katika mkutano mkuu wa kijiji na karatasi yenye mihuri, akina mama wasikae nyuma wakinyamaza. Waulize maji atayachota wapi mwezi wa tisa, na kama ana kibali cha bodi ya maji ya bonde. Waulize dawa atakazonyunyizia zimesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu au la, na makopo matupu yatakwenda wapi, maana tunayakuta yakichotewa maji ya kunywa. Waulize vibarua watalala wapi, na choo kiko wapi. Na waulize nani atakuja kukagua, mara ngapi kwa mwaka, na nauli yake inalipwa na nani. Swali hili la mwisho huleta ukimya mrefu kuliko yote.

IKIWA MTU AMEDHURIKA

Aliyepata sumu ya wadudu hutoka mate na machozi mengi, hutokwa jasho, hutapika na kuhara, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, kisha pumzi huwa ngumu. Yeye hana muda wa kupelekwa kwanza kwa mganga wa jirani. Mwondoe mahali penye dawa. Mvue nguo zote, umwoshe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na chini ya kucha, na wewe unayemwosha uvae glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, kwa maana yakiingia mapafuni yataongeza hatari. Akiwa amelegea mlaze kwa ubavu, umwahishe hospitali. Huko ipo dawa ya sindano iitwayo atropini, na ikitolewa mapema huokoa.

Sumu ya panya ni ya hila. Mtoto aliyeila anaweza kucheza vizuri siku mbili au tatu, kisha fizi zikatoka damu, pua ikatoka damu, mkojo ukawa mwekundu. Msingoje damu. Mleteni siku ile aliyoila, kwa kuwa vitamini K ipo na inasaidia.

Walioamka na kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu wote katika chumba kimoja chenye jiko la makaa, watoeni nje mara moja kwenye hewa, hata kama ni usiku na kuna mvua. Mzinduaji asiingie peke yake na kukaa mle akitafuta viatu. Aliyepoteza fahamu anahitaji oksijeni.

Na katika sumu zote, kopo au mfuko uliokuwa na dawa uletwe pamoja na mgonjwa, umefungwa ndani ya mfuko mwingine, hata kama umebaki mtupu. Lebo yake hutuambia tuanze na nini.